Tuhame au Tukae?

Wageni wanaokuja kwetu Kigezi kwa matembezi huuliza swali moja, nalo ni hili: mtu aliyezaliwa mahali pazuri namna hii, atatakaje kuondoka? Nimelisikia tangu utoto wangu, kwa kuwa nyumbani kwetu ni kando ya Ziwa Bunyonyi, na njia wapitayo watalii hukata juu ya shamba letu. Mwaka jana swali hilo liliingia nyumbani mwetu wenyewe. Lilikuja mwezi wa Novemba, likaota moto pamoja nasi jioni zote za likizo, na shule zilipokaribia kufunguliwa lilikuwa lingali pale pale. Nimeona nilieleze katika gazeti letu, maana najua wenzangu wengi hapa shuleni wanalo pia makwao, ingawa hawalisemi.

Kwa ajili ya wale waliotoka mbali, ambao huijua Kabale kwa baridi yake tu, nieleze kidogo. Ziwa Bunyonyi liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Si pana, bali ni refu lenye mikono mingi iliyojipenyeza kati ya vilima, kwa sababu hapo kale lilikuwa bonde la mto, hata volkano za upande wa Bufumbira zikamwaga mawe yaliyoyeyuka, yakaziba bonde, maji yakapanda. Ndiyo maana visiwa vyake, ambavyo hutajwa kuwa 29, vina sura ya vilele vya vilima, ndivyo vilivyo. Jina lake ni la ndege wadogo. Hakuna mamba wala kiboko humo, na watoto huvuka kwenda shule kwa mitumbwi ya gogo. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji hata saa tatu au saa nne, na ukisimama kwetu huoni ziwa, waona vilele tu vikielea juu ya weupe. Mimi ni mwenyeji, lakini bado husimama nikatazama, hasa ninapokuwa nimechelewa.

Lakini kitu wanachopenda wageni kukipiga picha kuliko ziwa ni vilima vyenyewe, jinsi vilivyokatwa ngazi ngazi toka chini hadi juu, na kila ngazi ina rangi yake: huku mtama umeiva mwekundu, huku maharagwe, huku viazi vinatoa maua meupe. Huuliza ni nani aliyevipamba hivyo. Hakuna aliyevipamba. Kila ngazi ni tuta lililoshikiliwa na majani ili mvua isichukue udongo, na kila tuta lina mtu wake mwenye jembe, na mtu huyo mara nyingi ni mwanamke.

Kwetu ni mama. Shamba letu si shamba moja, ni vipande 9 katika vilima vinne, na vyote vikiunganishwa havifiki ekari tatu. Desturi ya Wakiga ni kwamba baba humgawia kila mwana kidogo katika kila mahali, asiwepo wa kupewa udongo mzuri mtupu na mwingine mawe matupu. Ni haki kabisa. Ila haki hiyo ikirudiwa vizazi vitatu huwa nyembamba. Kipande chetu kimoja, kile cha juu karibu na mikaratusi, nimekipima kwa miguu: upana wake ni hatua 11. Toka huko hadi kipande cha chini, kilicho karibu na maji, ni mwendo wa saa nzima, na mama huteremka na gunia la viazi kichwani. Tangu mwaka juzi goti lake la kulia huvimba. Hasemi habari zake, lakini sisi watoto tunajua, kwa kuwa siku hizi mahali penye mteremko mkali huteremka kinyumenyume, akishika majani ya tuta.

Basi, mwezi huo wa Novemba alikuja bwana mmoja kutoka Kampala pamoja na dalali wa hapa kwetu. Alikuwa mtu wa adabu, akavua kofia mbele ya bibi. Alitaka kununua kipande chetu cha chini ajenge vibanda vya kulaza watalii, maana kutoka pale ziwa lote la upande wa magharibi huonekana. Bei aliyoitaja ilimfanya baba anyamaze kimya. Baba ana mtumbwi wa kuvushia watu kwenda soko la Rutinda, na tangu azaliwe hajashika hata nusu ya fedha zile. Bwana yule alipokwenda zake, baba alitoka akakaa peke yake juu ya jiwe mpaka giza likaingia.

Jioni ile alitueleza mawazo yake. Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alihamia Kagadi, katika nchi ya Bunyoro, mwaka wa 1998. Huko ana ekari 7 zilizo mahali pamoja, nchi tambarare, mahindi na muhogo na migomba. Kwa fedha za kipande kimoja cha hapa, baba alisema, tungeweza kupata huko ekari nyingi kuliko vipande vyetu vyote, na ada yangu ya chuo kikuu ingebaki juu. Kaka mkubwa angepata mahali pa kuoa. Mama asingepanda kilima tena. Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake, nami niliona kwamba hakuna neno hata moja lililokuwa si la kweli.

Wageni hudhani kwamba kuhama Kigezi ni jambo jipya, lililoletwa na vijana wa siku hizi wanaopenda mjini. Sivyo. Sisi ni watu wa kuhama toka zamani. Bwana Shamba wa wilaya wakati wa Waingereza, J. W. Purseglove, alipima mashamba ya vilima vyetu mwaka wa 1945, akasema kwamba watu wamezidi na udongo utachoka. Mwaka wa 1946 Serikali ikaanza mpango wa kuhamisha watu, kwanza kwenda Kihihi, ambako ni Kigezi hiyo hiyo upande wa kaskazini, halafu Ankole, na baadaye hata Toro na Bunyoro. Mzee Paul Ngologoza, ambaye wengi tunamjua kwa kitabu chake cha historia ya Kigezi kilichotolewa mwaka wa 1969, alikuwa miongoni mwa viongozi wenyeji walioupigania mpango huo. Watu walikwenda kwa maelfu.

Bibi yetu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati huo. Husimulia jinsi baba yake mkubwa alivyoondoka kwenda Kihihi na watu wa nyumba yake. Walibeba mbegu za mtama, mawe ya kusagia na moto ndani ya chungu, kama kwamba kule hakuna moto. Wanawake walilia njiani mpaka watu wa kijiji kingine wakadhani kuna msiba. Kilichowaogopesha si tembo, ingawa tembo walikuwako. Waliogopa homa, kwa kuwa huku juu kwenye baridi mbu ni wachache, na mtu wa Kigezi akiteremka nchi ya joto malaria humpiga kama mgeni. Mtoto mmoja wa nyumba ile alikufa mwaka wa kwanza. Waliobaki walistawi, na leo wajukuu wao wana mashamba ambayo sisi twayaonea wivu.

Jambo moja alilotufundisha mwalimu wetu wa jiografia sikuliamini mara ya kwanza. Mwaka wa 1996 wachunguzi walirudi katika vilima vile vile alivyovipima Purseglove, wakapima tena. Watu walikuwa wameongezeka sana, kwa hiyo kila mtu alitazamia kukuta kila kipande kinalimwa bila kupumzika. Wakakuta kinyume: ardhi iliyopumzishwa ilikuwa nyingi kuliko mwaka wa 1945. Sababu ni nyingi, na mwalimu alituonya tusichague moja na kuziacha nyingine. Lakini mimi nilipokuwa nikisikiliza mazungumzo ya motoni niliwaza habari za baba mkubwa wa bibi na chungu chake cha moto. Kila mara walikuwako walioondoka, na vipande walivyoviacha viliwapa pumzi waliobaki. Vilima wanavyovipiga picha wageni havikutunzwa na waliokaa peke yao. Waliokwenda nao wana sehemu yao humo. Kwa hiyo swali la wageni, kwamba mtu atatakaje kuondoka mahali pazuri, kwangu limekaa kichwa chini. Kwetu tumezoea kuuliza: safari hii zamu ni ya nani?

Jioni zote hizo mama alikuwa hajasema kitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1998 yasema kwamba ardhi ambayo jamaa hukaa au hupata riziki yao haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Baba alilijua hilo, na dalali alilijua zaidi, kwa kuwa alimletea mama kilo mbili za sukari. Mama aliipokea sukari akashukuru. Kisha siku ya tatu akauliza maswali yake, akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho.

"Maji ya huko huchotwa wapi?"

Baba akasema kuna kisima cha bomba, si mbali.

"Na mbu?"

"Wapo. Watu hulala ndani ya vyandarua."

"Na huyo atakayetuuzia, yeye aliuziwa na nani?"

Hapo baba hakuwa na jibu. Akasema mdogo wake amekaa miaka mingi bila kusumbuliwa. Mama akasema, "Nimesikia. Basi nenda na huyu aliyesoma, aitazame hiyo karatasi." Huyu aliyesoma ni mimi.

Tulisafiri katika juma la pili la Januari. Tulipanda basi Kabale alfajiri, tukabadilisha Mbarara na tena Fort Portal, tukafika usiku. Sikuona kitu mpaka asubuhi, na asubuhi nilipotoka nje nilitafuta mahali pa kutupia macho nikakosa. Nchi ilikwenda tu. Hakuna kilichoinuka kukuzuia wala kilichoshuka kukutisha. Baba alikuwa amekwisha kuamka, anatembea katikati ya mahindi ya mdogo wake kutoka mpaka hadi mpaka, mikono nyuma, akapita, akarudi. Shamba lote mahali pamoja! Nadhani alitembea mara nne. Sijawahi kumwona baba akitembea shambani bila kuinama mbele kama mtu apandaye, na kumbe yeye ni mrefu.

Nilipenda mambo mengi huko, nisiwafiche. Nilipenda kwamba mama mdogo huenda shambani na kurudi kabla uji haujapoa. Nilipenda wingi wa ndizi. Sokoni nilishangaa kusikia Kiswahili, maana nyumbani kwetu Kiswahili ni cha darasani na cha askari. Lakini Kagadi ni nchi ya wahamiaji: kuna Wanyoro wenyewe, kuna Wakiga, Wafumbira, Waalur, na kwa upande wa Ziwa Albert, kule Ndaiga, kuna wavuvi waliotoka Kongo, watu wa namna hiyo wakikutana lazima wapate lugha ya kununuliana chumvi. Mimi nami nikanunua chumvi. Mwanamke wa duka alicheka, akaniambia, "Wewe mtoto unaongea kama redio."

Watoto wa baba mdogo waliniuliza habari za kwetu. Wa mwisho, mwenye miaka 9, hajafika Kigezi hata siku moja. Aliniuliza ikiwa ni kweli kwamba huko watu hulima wakiwa wamefungwa kamba wasianguke. Ukutani mwao kuna kalenda ya mwaka wa 2011 yenye picha ya Bunyonyi. Miezi yote imekwisha kuchanwa, picha imebaki. Baba mdogo aliniona nikiitazama, akaja akaniwekea kidole juu ya karatasi, mahali ambapo nyumba yetu ingekuwa kama picha ingeendelea kidogo upande wa kushoto. Hakusema kitu. Usiku ule mmoja wa wavulana alishikwa na homa, akatapika, na mama mdogo akampa dawa bila kuwasha taa, kwa mkono uliokwisha kuzoea.

Kesho yake niliomba kuiona karatasi. Baba mdogo aliitoa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Ilikuwa mapatano ya kununua kibanja, yameandikwa kwa kalamu ya wino, na mashahidi sita na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Majina ya mipaka yalikuwa miti: kutoka mvule hadi mti mwingine. Mvule ule ulikatwa zamani. Hapakuwa na hati. Nilipouliza hati iko wapi, baba mdogo alicheka, si kwa furaha, akasema, "Hati iko Buganda, binti yangu."

Alinieleza, na mambo mengine niliyatafuta baadaye katika maktaba ya shule. Kaunti za Buyaga na Bugangaizi zilikuwa za Bunyoro. Baada ya vita vya mwisho wa karne ya kumi na tisa Waingereza waliziweka chini ya Buganda, na baada ya Mapatano ya mwaka wa 1900 ardhi kubwa ikaandikwa hati kwa majina ya wakuu wa Buganda. Wanyoro walilalamika miaka na miaka. Mwezi wa Novemba 1964, Uganda ikiwa imekwisha kupata uhuru, watu wa kaunti hizo walipiga kura wakachagua kurudi Bunyoro, wakarudi. Lakini zilirudi kaunti, hati hazikurudi. Serikali imekuwa ikinunua baadhi ya hati hizo kwa wenyewe, ila si zote. Kwa hiyo mtu aweza kulima miaka 20, akazika watoto wake, akapanda kahawa ikazaa, na bado karatasi iliyo kuu kuliko yake iko katika sanduku la mtu asiyemjua.

Tena si wenye hati peke yao. Wenyeji wa huko nao waliona nchi yao inajaa wageni. Mwaka wa 2002, wakati Kagadi ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Kibaale, uchaguzi wa mwenyekiti wa wilaya ulileta ugomvi mkubwa kati ya wenyeji na wahamiaji, hata Serikali ya juu ikaingia kati. Baba mdogo alisema kwamba kwa miezi mingi hakuongea Rukiga njiani. Sasa pametulia. Jirani yake wa kulia ni Mnyoro, naye ndiye aliyempa mbegu ya migomba na ndiye aliyemshika mkono siku ya msiba. "Ni watu wema," alisema. "Lakini mimi nina ekari saba na kila mwaka hufikiri juu yake. Baba yako ana vipande 9 na hana haja ya kufikiri." Sikukubaliana naye kabisa, kwa kuwa mtu mwenye hatua 11 naye hufikiri sana. Ila nilielewa.

Njiani kurudi nilikaa dirishani, baba amelala, nami nikajua kwamba nitakaloeleza nyumbani litakuwa na uzito. Naomba msomaji afahamu jinsi lilivyokuwa kwangu. Katika fedha zile mlikuwamo ada yangu. Niko kidato cha sita. Mwaka huu nafanya mtihani wa mwisho, na kwetu hakuna mtu aliyewahi kwenda chuo kikuu. Kama ningesema, "Nchi ni nzuri, karatasi ina mashahidi sita na muhuri," ningekuwa nimesema kweli tupu. Baba angefurahi. Tulipofika Ntungamo ilianza baridi, baba akaamka akafunga kifungo cha koti, akasema, "Tumekaribia," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona. Sijui ni kitu gani kilichonichoma zaidi, ada au sauti ile.

Nilieleza yote. Nilieleza shamba tambarare na homa ya usiku, kisima na mvule uliokatwa, jirani mwema na sanduku la hati. Bibi aliuliza kama watu huzikwa nyumbani kwao huko, nikasema huzikwa. Akasema yeye hata hivyo haendi, atabaki na babu, na kama hoteli ikijengwa watalii wajue kuna wazee wawili karibu wasipige kelele usiku. Tulicheka mpaka mdogo wangu akamwaga obushera.

Kisha baba akasema kila mmoja atoe neno lake. Shangazi, aliyekuja kwa ajili ya shauri hilo, alisema kwamba mimi sina neno, kwa kuwa msichana ataolewa kilima kingine na ardhi si yake. Mama akamjibu kwa upole sana, "Wifi yangu, na mimi nilitoka kilima kingine. Ni nani analima?" Shangazi ni mtu wa haki; alinyamaza, halafu akaniambia, "Sema."

Nilisema kwamba mimi nitaondoka Kigezi kwa vyovyote, kwa masomo au kwa kazi, na pengine sitarudi ila kwa Krismasi. Kwa hiyo nisihesabiwe katika vipande. Lakini kipande cha chini kisiuzwe ili niondoke mimi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno mengine mazuri juu ya ziwa, yakanipotea.

Mama ndiye aliyemaliza. Alisema kwamba hakatai kuhama. Goti lake lilikwisha kuhama zamani. Angeuza kipande cha juu leo leo, na kile cha pili, na cha mikaratusi. Lakini hivyo hakuna anayevitaka, kwa kuwa kutoka huko ziwa halionekani. Kipande cha chini udongo wake ni mweusi na una maji hata Julai, wakati vilima vyote vimekauka; ndicho kinachotulisha miezi ya njaa, tena ndicho pekee anachokifikia bila kupanda. "Bwana yule ananunua kutazama," alisema. "Mimi naambiwa niuze kula. Tena niuze kitu ambacho ni changu, ninunue kitu ambacho hati yake iko kwa mtu." Hatatia sahihi, alisema, mpaka aione karatasi ambayo huyu aliyesoma ataisoma mpaka mwisho na kunyamaza.

Baba hakukasirika. Alitoka akakaa juu ya jiwe lake, na safari hii kaka mkubwa alimfuata. Walikaa muda mrefu. Waliporudi, kaka alisema kwamba atakwenda Kagadi yeye peke yake. Hatanunua, atakodi ekari mbili kwa baba mdogo kwa misimu miwili, aone mavuno, aulize habari za hati katika ofisi ya ardhi ya wilaya, na sehemu yake katika vipande 9 isigawanywe, bali ilimwe na wadogo wetu wakikua. Asipoona mema, atarudi. Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa umeacha kumenya.

Bwana wa Kampala alipata jibu lake siku tatu baadaye. Alisikitika, lakini alishukuru kwa kuambiwa wazi, na nasikia amepata mahali pengine upande wa pili wa ghuba. Huenda siku moja taa zake zitaonekana toka kwetu. Ama ada yangu, nitajaribu kushinda kwa alama za kutosha nilipiwe na Serikali. Nafasi hizo ni chache na wanaozitaka ni wengi, na nisipopata hatujui tutafanyaje. Baba hajalitaja tena. Amepaka mtumbwi rangi mpya.

Kaka aliondoka Jumatatu kabla ya shule kufunguliwa. Katika mizigo yake alitia gunia la mbegu ya viazi vyetu, ingawa baba mdogo alikuwa amekwisha kumwambia kwa simu kwamba viazi hivyo havipendi nchi ya joto, vitatoa majani tu. Siku wazazi walipokuja kututembelea mwezi wa Machi, mama alinipa habari: amevipanda chini ya migomba, mahali penye kivuli, na vimeota, ila majani yake ni membamba. Mama alitaka nimhesabie kwenye kalenda ya bweni ni siku ngapi tangu vipandwe. Nikahesabu, zikawa 38. Akasema basi bado, tusubiri, akaanza kufungua kikapu.